Tunza raba zako, ulinde miguu yako

Ukipita Umoja jioni ya Jumapili utaona jambo moja karibu katika kila gorofa. Viatu vya raba vimepangwa madirishani, vingine vimening'inizwa kwa kamba zake kwenye waya za kuanikia nguo, na vingine vimeegemezwa ukutani juu ya paa. Kesho yake ni shule, ni kazi, ni kukimbilia matatu. Baadhi ya viatu hivyo vitavaliwa alfajiri kabla havijakauka, na hapo ndipo matatizo ya miguu huanza.

Wengi wetu hudhani kuwa kuosha raba ni suala la unadhifu tu. Kiatu kikiwa cheupe machoni pa watu, basi mambo yamekwisha. Lakini kiatu ni vazi linalokumbatia ngozi kwa saa kumi au zaidi kwa siku, tena mahali penye joto na giza. Kikisafishwa vibaya huharibika mapema na kumtia mwenyewe gharama. Kisiposafishwa kabisa, au kikivaliwa kingali na unyevu, huzaa maradhi ambayo huweza kuenea kwa nyumba nzima.

Wakazi wa mitaa ya Eastlands wana shida tatu za ziada. Kwanza ni ule udongo mweusi unaonata, ambao wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, hugeuka tope zito lisilobanduka kwenye soli. Pili ni maji ya mgao, yanayofika siku fulani tu za juma, na siku nyingine hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Tatu ni nafasi. Umoja ulijengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID, ukiwa mtaa wa nyumba za chini. Leo magorofa yamesongamana hata vyumba vingi havipati jua. Kwa hiyo ushauri wa kuosha viatu hauna budi kuzingatia hali hiyo.

Harufu hutoka wapi?

Miguu miwili ya mtu ina tezi za jasho zipatazo 250,000. Jasho lenyewe, linapotoka, halina harufu kubwa. Harufu huletwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi. Bakteria hao hula jasho pamoja na chembe za ngozi iliyokufa, kisha hutoa asidi kali, mojawapo ikiitwa asidi ya isovaleriki. Ndugu wa bakteria hao hutumiwa huko Ulaya kutengenezea aina fulani za jibini zenye harufu nzito, ndiyo sababu jibini hizo hunuka kama soksi.

Harufu hiyo haiwavutii binadamu, lakini mbu huipenda. Mwaka 2011, mtafiti Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara nchini Tanzania alipata ufadhili wa kuendeleza mtego wa mbu uliotumia harufu inayofanana na ile ya soksi zilizovaliwa. Usidhani kwamba kuosha raba ni kinga ya malaria. Neti bado ni muhimu kwa anayesafiri kwenda Pwani au nyanda za Ziwa Victoria. Mfano huu unaonyesha tu kuwa harufu ya miguu ni kemikali halisi zinazotengenezwa na viumbe hai. Ukitaka kuiondoa, ondoa chakula chao na unyevu wanaoutegemea. Kunyunyiza marashi ndani ya kiatu hufunika harufu kwa muda tu na kuacha chanzo chake palepale.

Wakati mwingine bakteria hao huanza kuila ngozi yenyewe. Ukitazama unyayo, hasa kisigino na chini ya vidole, utaona vishimo vidogo vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano, na ngozi hugeuka nyeupe ikilowa. Hali hii huwapata zaidi watu wavaao viatu vilivyofunika mguu kutwa nzima: askari, walinzi wa usiku, makondakta na wanafunzi. Hutibika kwa dawa ya kupaka ya kuua bakteria, lakini hurudi iwapo kiatu kitaendelea kuvaliwa kikiwa kibichi.

Kuvu ya vidoleni

Adui wa pili ni kuvu, ambayo wengine huiita fangasi. Kuvu hii hupenda nafasi iliyo kati ya kidole kidogo cha mguu na kile kinachofuata. Mgonjwa huwashwa, ngozi huwa nyeupe, hubambuka na hatimaye kupasuka. Wakati mwingine huenea kwenye unyayo mzima, ukawa mkavu na wenye magamba kama uliopakwa unga. Ikiingia kwenye kucha, kucha huwa nene, za manjano na hukatikakatika.

Chembe zake huanguka pamoja na magamba ya ngozi na kukaa ndani ya kiatu kwa miezi mingi zikingoja mguu. Ndiyo maana mtu hupaka dawa, akapona, kisha baada ya majuma machache akaanza kujikuna tena: ametibu mguu na kuacha kiatu. Kuvu hiyo hiyo huweza kuhamia kwenye kinena, kwa mfano mtu akivaa suruali ya ndani kwa miguu yenye ugonjwa. Kuvu za jamii hiyo ndizo pia zinazoleta choa, ambacho watu wengi hapa Nairobi hukiita mashilingi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu unafaa sana hapa, kwa kuwa ule mpasuko mdogo kati ya vidole ni mlango. Bakteria wakiupenya, mguu huweza kuvimba, kuwa mwekundu na moto hadi mgonjwa akashindwa kukanyaga. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kisukari hatari ni kubwa zaidi. Mishipa yake ya fahamu miguuni huenda imekufa ganzi, asisikie maumivu, na damu haifiki vizuri. Kidonda kidogo kisichoonekana huweza kuishia kwa mguu kukatwa. Kama una kisukari, tazama miguu yako kila siku, pamoja na katikati ya vidole, na uingize mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa ili kuhakikisha hakuna kokoto, msumari au mshono uliotokeza.

Raba za mitumba

Idadi kubwa ya raba zinazovaliwa Nairobi ni mitumba. Hutoka Gikomba na kusambazwa hadi kwenye masoko ya mitaani kama vile Mutindwa hapo Umoja. Mwaka 2020 serikali ilisimamisha uagizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa kwa hofu ya ugonjwa wa Korona, lakini biashara hiyo ilirejea. Hakuna ubaya kununua kiatu cha mtumba. Ila kumbuka kimewahi kuvaliwa na mguu usioujua.

Kabla hujalipa, fanya mambo matatu. Nusa ndani, kwa sababu harufu ya ukungu ni dalili kwamba kiatu kilihifadhiwa kikiwa na unyevu. Toa soli ya ndani uone kama kuna madoa meusi. Kisha kikunje kiatu katikati na ubonyeze soli kwa ukucha. Soli za raba nyingi za kisasa zina tabaka la povu liitwalo poliyurethani. Povu hili hunyonya unyevu wa hewa polepole na kuoza kutoka ndani, hata kama kiatu hakijavaliwa. Ndiyo sababu raba inayoonekana mpya kabisa, ikavaliwa siku mbili, hubomoka soli kama keki. Ukiona nyufa ndogo, ulaini unaonata au unga unaomwagika, rudisha kiatu hicho.

Ukifika nyumbani, tupa soli za ndani kama zinatoka na ununue mpya. Osha kiatu kwa njia inayofaa aina yake, kikauke kabisa, ndipo ukivae, tena kwa soksi.

Kila kiatu na njia yake

Makosa mengi hutokana na kuosha viatu vyote kwa namna moja: kuvitumbukiza ndani ya karai la sabuni ya unga usiku kucha. Kabla ya yote, tambua kiatu chako kimetengenezwa kwa kitu gani.

Turubai. Hiki ni kile kitambaa kizito cha pamba kilichotumiwa kwenye raba za zamani za shule. Ndicho kinachovumilia maji kuliko vyote. Toa kamba na soli za ndani. Sugua kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya kipande, ndani na nje, kisha suuza hadi maji yawe safi. Tatizo kubwa la turubai jeupe ni kubadilika kuwa la manjano likishakauka. Kinachosababisha ni mabaki ya sabuni na uchafu, ambayo husafiri pamoja na maji kuelekea juu ya kitambaa kinapokauka. Suuza tena, kisha funika kiatu chote kwa karatasi nyeupe ya chooni ingali mbichi na ukianike. Umanjano utabaki kwenye karatasi.

Kitambaa cha nyavu. Raba nyingi za kukimbilia zina kitambaa chepesi chenye matundu, cha nailoni au poliesta. Tope likiwa bichi usilisugue, maana utalisukuma ndani ya matundu. Liache likauke, gonganisha viatu viwili, kisha pangusa kwa brashi kavu. Baadaye tumia maji ya vuguvugu, sabuni laini ya maji na mswaki mwororo, ukizungusha mkono taratibu. Usikamue kiatu kama nguo, na usitie dawa ya klorini, kwani hudhoofisha nyuzi na kugeuza rangi nyeupe kuwa ya manjano.

Ngozi halisi. Ngozi ina mafuta yanayoifanya iwe laini. Ukiiloweka, mafuta hayo huondoka na ngozi hukauka ikawa ngumu, kisha ikapasuka pale inapokunjika. Futa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, futa tena kwa kitambaa cha maji matupu, kisha kausha kivulini. Kikishakauka paka kiwi ya rangi yake au isiyo na rangi. Ndani ya kiatu pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, usimwage maji.

Ngozi ya manyoya mafupi, ambayo wauzaji huiita swedi. Hii ni adui wa maji na adui wa kiwi. Maji huacha madoa na kuyalaza manyoya, nayo kiwi huyagandisha. Subiri tope likauke kabisa, kisha piga brashi kavu kuelekea upande mmoja. Doa dogo lisugue kwa ufutio mweupe wa penseli. Kama mtaa wako una tope miezi sita kwa mwaka, fikiria mara mbili kabla ya kununua kiatu cha aina hii.

Ngozi bandia. Hii ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Huoshwa kwa kupangusa tu. Jua kali na moto huifanya ibambuke kama rangi ya ukuta, na ikishabambuka haina dawa. Pia hairuhusu hewa kupita, kwa hiyo mguu hutoa jasho zaidi. Mwenye kuvu afadhali aiepuke.

Kingo nyeupe za soli husafishwa kwa dawa ya meno nyeupe na mswaki wa zamani. Dawa ya meno ina chembe laini za kusugua, nazo huondoa weusi bila kukwaruza sana. Futa vizuri baadaye.

Ukiwa na maji machache

Kuosha raba hakuhitaji mtungi mzima. Lita tano zatosha ukifuata utaratibu. Kwanza ondoa tope kavu kwa kijiti na brashi, kwani hapa ndipo nusu ya uchafu huisha bila tone la maji. Weka lita moja na nusu yenye sabuni kwenye beseni dogo, na uchovye mswaki humo badala ya kukizamisha kiatu. Tumia lita mbili kwa suuza ya kwanza na zilizobaki kwa suuza ya mwisho. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yanafaa kabisa kuanzia kazi hii. Kamba na soli za ndani zioshwe pamoja na soksi.

Soksi zenyewe zibadilishwe kila siku. Kwa mwenye kuvu, maji ya vuguvugu hayatoshi. Soksi za pamba zioshwe kwa maji moto sana, ya nyuzi 60 hivi, zianikwe juani na zikikauka zipigwe pasi.

Kukausha ndiyo kazi yenyewe

Kiatu kilichooshwa kikavaliwa kibichi ni kibaya kuliko kiatu chenye vumbi. Legeza kamba zote, vuta ulimi wa kiatu nje, toa soli ya ndani na ujaze karatasi za gazeti. Badilisha karatasi baada ya saa moja, kisha tena kabla ya kulala. Weka kiatu mahali penye upepo. Turubai na soli za ndani ziwekwe juani, kwani jua huzikausha upesi na kusaidia kupunguza viini. Ngozi, swedi na raba za rangi kali zikae kivulini.

Kwa kawaida raba huhitaji siku nzima au zaidi ili ikauke jasho la ndani. Mwenye jozi mbili na avae moja leo na nyingine kesho. Mwenye jozi moja tu, kama walivyo watoto wengi wa shule, aioshe Ijumaa jioni wala asingoje Jumapili usiku. Jioni za katikati ya juma itoshe kutoa soli ya ndani na kujaza karatasi. Kijiko kimoja cha bikaboneti ya soda, ile poda nyeupe ya kuokea keki, kikinyunyizwa ndani usiku na kukung'utwa asubuhi hupunguza asidi za harufu. Lakini haiui kuvu.

Jihadhari na haya

Usikaushe viatu juu ya jiko la makaa. Gundi ya soli hulainika, ngozi hupasuka, na kiatu huweza kushika moto. Hatari kubwa zaidi ni kwa watu: jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya monoksaidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na huweza kuua familia nzima usingizini.

Dawa ya klorini itumiwe kwa turubai jeupe pekee, ikiwa imechanganywa na maji mengi kama ilivyoandikwa kwenye chupa, na kisha isuuzwe vizuri. Kamwe usiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Usiondoe madoa ya gundi kwa petroli ndani ya nyumba. Cheche moja ya kiberiti yatosha kuleta msiba.

Tena, watoto wasibadilishane viatu vya michezo wala soksi, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Ukiwa tayari umeambukizwa

Osha miguu kila jioni na ukaushe katikati ya vidole kwa taulo lako peke yako. Dawa ya kupaka ya klotrimazoli hutumiwa mara mbili kwa siku, kwa kawaida majuma mawili hadi manne. Usiache mara tu mwasho unapokwisha. Endelea juma moja au mawili zaidi, kwa maana kuvu hubaki ndani ya ngozi inayoonekana kupona. Ile ya terbinafini huchukua muda mfupi zaidi. Muulize mfamasia aliyesajiliwa.

Kuna tahadhari moja muhimu. Madukani huuzwa dawa za kupaka zilizochanganywa na steroidi. Hizi hutuliza mwasho upesi na mgonjwa akafurahi, lakini hupunguza kinga ya ngozi na kuipa kuvu nafasi ya kusambaa, ikabadilika sura hata daktari akapata taabu kuitambua. Usipake dawa ya aina hiyo bila ushauri.

Nenda kwenye kituo cha afya, au katika hospitali kubwa ya karibu kama ile ya Mama Lucy Kibaki kwa wakazi wa Umoja, iwapo mguu umevimba na kuwa moto, kuna usaha au homa, kucha zimeharibika, au mwezi umepita bila nafuu. Mwenye kisukari asingoje hata siku moja. Kucha zenye kuvu huhitaji dawa ya kumeza kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa daktari, na ukucha mpya wa kidole gumba huchukua mwaka au zaidi kuota wote, kwa hiyo mgonjwa awe na subira.

Dawa ya duka la dawa na ziara ya hospitali hugharimu kuliko sabuni ya kipande, mswaki mkuukuu na gazeti la jana. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, usiutupe. Utakufaa Ijumaa jioni kwa kujazia viatu.